Chuma Kilichosafishwa Kisilale Uchi: Somo Lililonigharimu Laki Nne na Ushee

Leo naongea na wenye karakana za mageti na madirisha, wenye maduka ya vifaa vya ujenzi kama mimi, wanaouza vitanda vya chuma, meza za mama lishe na vibanda vya miamala, na yeyote anayemlipa fundi achomelee halafu kazi inatoka kwa jina la duka lake. Kama wewe unauza nguo, soma tu, huko mbele kuna hesabu inayokuhusu.

Nianze na swali. Geti likianza kutoa kutu baada ya miezi minne, nani anapigiwa simu? Sio kiwanda cha rangi. Sio fundi. Ni wewe uliyepokea hela.

Mimi nilipigiwa hiyo simu. Naomba nikusimulie ilivyokuwa, halafu tushuke kwenye kazi yenyewe.

ILIVYOKUWA

Duka langu liko Mkolani. Nyuma kuna uwanja mdogo, fundi wangu anachomelea hapo. Sijasoma ufundi popote, niliishia kidato cha nne, haya mengine nimejifunza kwa kuuliza, kusoma maandishi ya kwenye makopo na kuharibu.

Mwezi wa kumi na moja, mvua za vuli zimeshaanza, mama mmoja wa Luchelele akanipa kazi: geti moja kubwa, mlango mmoja wa chuma na grili nane. Nyumba yake iko karibu na ziwa, ukisimama barazani unaona mitumbwi. Jumla 2,150,000. Kwangu mimi ilikuwa kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Nikipiga hesabu ya vyuma, rangi, fundi na usafiri, inabaki faida ya 380,000. Nilikuwa nimeshaipangia matumizi yote.

Siku ya kufuata skwea paipu mjini nikatafuta usafiri wa bei rahisi. Nikapata Canter iliyokuwa imetoka kushusha kayabo pale Kirumba Mwaloni. Kwa msiokaa huku, kayabo ni sangara aliyekaushwa kwa chumvi. Gari halikuoshwa, sakafu ina maji maji ya chumvi na harufu yake. Mimi nikaona nimeokoa 15,000 ya usafiri, nikapakia.

Paipu zikafika jioni, tukazilaza chini kwenye udongo, tukafunika turubai. Fundi akakata na kuchomelea kwa siku tatu. Alhamisi akapiga brashi ya waya vyuma vyote vikang'aa vizuri kabisa, vinapendeza. Ijumaa ilikuwa siku ya rangi. Ijumaa mvua ikanyesha, umeme ukakatika, kompresa haifanyi kazi. Jumamosi asubuhi nikakuta vyuma vimepata rangi ya njano njano, kama vumbi la bizari.

Nikamwambia fundi, "Kaka, hii si kutu hii?"

Akajibu, "Dada bosi, hicho ni kivuli tu. Redi oksaidi itaila."

Nikaamini. Tukapaka redi oksaidi juu yake, Jumapili rangi nyeusi, Jumatatu tukafunga. Mama akafurahi, akalipa hela yote. Picha nikaweka kila mahali.

Mwezi wa tatu simu ikaingia. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alisema tu, "Ng'wanawane, njoo uone mwenyewe."

Nikaenda. Geti lote lina malengelenge, kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto. Ukikwangua lengelenge kwa kucha, chini kuna maji mekundu. Grili za upande wa ziwani ndo mbaya zaidi. Na sehemu moja ya mlango alama za kutu zilikuwa na umbo la vidole. Vidole vya mtu, vinne, vimejipanga. Nilisimama pale nikiviangalia.

Huyu mama yuko kwenye kikoba cha akina mama, na wengi wao wanajenga. Nilikuwa na njia mbili: niseme "mama, ziwa ndo lina unyevu, sio kosa langu", au nirudie kazi. Nikarudia. Sikiliza hesabu:

Usafiri kwenda na kurudi: 60,000.
Kung'oa na kufunga upya: 80,000.
Fundi na kibarua, kukwangua hadi chuma kitoke: 120,000.
Msasa, thina, prima na rangi mpya: 165,000.
Jumla: 425,000.

Faida ilikuwa 380,000. Kwa hiyo kazi kubwa kuliko zote maishani mwangu niliifanya kwa hasara ya 45,000, na jasho juu. Ndipo nikaanza kuuliza kwa watu wa meli, wanyoosha bodi za magari, wauza rangi. Nilichojifunza ndo hiki hapa.

KWANZA TUELEWE KUTU YENYEWE

Chuma kinataka vitu viwili tu ili kipate kutu: maji na hewa. Ukizuia kimoja, kutu haianzi.

Sasa maji sio lazima yawe mvua. Hewa ya kando ya ziwa ina unyevu, na unyevu ukiwa mwingi chuma kinavaa utando mwembamba wa maji ambao wewe huuoni. Halafu kuna umande. Usiku anga likiwa jeupe, chuma kilichoko nje kinapoa haraka kuliko hewa inayokizunguka, na mvuke unageuka maji juu yake. Ni kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji: hakuna aliyeimwagia maji, lakini imelowa. Chuma chako kinalowa hivyo hivyo alfajiri, hata kama hakijanyesha.

Watu wengi hapa Mwanza wanasema, "Ziwa letu halina chumvi, kutu ni shida ya watu wa Dar na Tanga." Nusu ni kweli. Wenzetu wa pwani wanaletewa chumvi na upepo wa bahari, na sisi ziwa ni maji baridi. Lakini chumvi huku tunaileta wenyewe. Inatoka kwenye gari lililobeba kayabo au mbolea. Inatoka kwenye jasho la mikono. Vile vidole vinne nilivyoviona kwenye mlango ni vya mtu aliyeshika chuma kikiwa kimeshasafishwa, siku ya jua, mikono ina jasho. Pengine ni vya kwangu mwenyewe.

Chumvi ina ubaya mara mbili. Kwanza inaharakisha kutu. Pili, ukiipakia rangi juu yake, inabaki chini inavuta maji. Rangi unayoiona ngumu kama kioo inapitisha unyevu kidogo kidogo, chumvi inaukusanya, linatokea lengelenge. Na kutu ikishaanza inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo inaisukuma rangi kwa nje. Rangi inabanduka kutokea chini. Unaweza kupaka koti tano za rangi ya bei ghali, haisaidii.

Na hili la "redi oksaidi inakula kutu" tulimalize leo. Ile rangi ni nyekundu kwa sababu ndani yake kuna unga wa oksaidi ya chuma, ambayo ni ndugu wa damu na kutu yenyewe. Haili chochote. Kazi yake ni kushika kwenye chuma safi na kuipa rangi ya juu mahali pa kushika. Inachofanya ukiipaka juu ya kutu ni kuificha, maana zinafanana rangi. Ndo maana hukuona tatizo siku ya kukabidhi.

Kwa hiyo ukiniuliza kazi yangu ilifia wapi, haikufia kwenye rangi. Ilifia kati ya Alhamisi jioni na Jumamosi asubuhi, chuma kikiwa kimesafishwa na hakijafunikwa. Hapo ndipo chuma ni dhaifu kuliko wakati wowote.

HADITHI YA LIEMBA

Niliyeongea naye wa meli alinipa mfano mmoja sijausahau. Hauko kwenye ziwa letu, uko kwa jirani zetu wa Kigoma, Ziwa Tanganyika.

Meli ya MV Liemba ilijengwa Ujerumani, mji wa Papenburg, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Dar es Salaam, ikapandishwa treni hadi Kigoma, ikaunganishwa na kuingizwa majini 1915. Mwaka 1916, vita imewabana, Wajerumani wakaizamisha wenyewe ili maadui wasiipate. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi wake walizipaka injini grisi nzito, wakiwa na matumaini kwamba siku moja itaibuliwa. Waingereza wakaiibua mwaka 1924. Miaka yote hiyo chini ya maji, na injini zikakutwa bado zinafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, na imebeba watu na mizigo ya Kigoma kwa vizazi.

Grisi ile haikuwa na maajabu. Ilikaa tu kati ya chuma na maji. Miaka nane chini ya ziwa wale mafundi waliishinda kutu, na mimi nimeshindwa siku moja na nusu nyuma ya duka langu. Niliona aibu kidogo.

Usiende kupaka geti grisi halafu rangi juu, nitakueleza chini kwa nini. Ninachotaka ushike ni hiki: chuma kikiwa wazi, lazima kuwe na kitu kati yake na unyevu, muda wote. Kikikosa cha kudumu, kipate cha muda.

SASA TUNAFANYAJE? HATUA KWA HATUA

1. Anzia kwenye gari.
Kabla ya kupakia vyuma, angalia sakafu ya gari. Kama limebeba samaki, chumvi au mbolea, lioshwe au utafute jingine. Ukishindwa kabisa, tandika turubai kavu chini. Vyuma vikishachafuka kwa chumvi, vikifika vioshe kwa maji safi ya bomba na sabuni, sugua kwa brashi, suuza sana, futa kwa kitambaa kikavu, anika juani hapo hapo. Msasa peke yake hauondoi chumvi yote, inajificha kwenye vishimo.

2. Usilaze chuma kwenye udongo.
Weka vipande vya mbao au tofali chini, vyuma vikae juu, upande mmoja uinuke kidogo maji yasituame. Chini ya paa ni bora. Ukitumia turubai, usilibananishe na chuma kama shuka. Unyevu unaokwama ndani hauna pa kutokea, usiku unageuka maji. Liinue, hewa ipite pembeni.

3. Mafuta ya kiwandani yaache mpaka siku ya kazi.
Skwea paipu nyingi zinakuja na utando wa mafuta. Vijana wanapenda kuufuta mapema ili mikono isichafuke. Uache. Huo ndo grisi yako ya Liemba, umepewa bure na kiwanda.

4. Siku ya kusafisha: mafuta kwanza, msasa baadaye.
Hapa mafundi wengi wanakosea. Ukipiga grinda au msasa kabla ya kutoa mafuta, unayasambaza na kuyasukumia kwenye mikwaruzo. Futa kwanza kwa thina na kitambaa safi, geuza kitambaa mara kwa mara, kikichafuka tupa. Kitambaa kimoja kwa geti zima maana yake unahamisha mafuta kutoka huku kwenda kule. Usitumie petroli. Ni hatari ya moto kwenye karakana yenye cheche. Hata thina, hakikisha hakuna anayechomelea wala kusaga karibu, na fanyia penye hewa.

5. Kwangua hadi chuma chenyewe.
Toa maganda ya kuchomelea na vile vipunje vilivyorukia pembeni. Kwenye flati baa na engo kuna ile ngozi nyeusi ya bluu inayotoka nayo kiwandani. Usidanganyike kwamba ni kinga. Inapasuka, maji yanaingia chini yake, siku moja inabanduka na rangi yako. Iondoe, hasa karibu na maungio. Angalizo: brashi ya waya ya kwenye grinda inaweza kuing'arisha kutu badala ya kuitoa, na inaacha chuma laini kama kijiko. Rangi haishiki kwenye kijiko. Malizia na msasa wa namba 80 upate mikwaruzo midogo. Kona kali zizungushe kidogo, maana rangi inakimbia kwenye ncha. Na vaa miwani, nyaya za brashi zinaruka.

6. Ukishasafisha, mikono mitupu marufuku.
Glovu za kitambaa safi ni hela kidogo sana. Kila anayegusa chuma avae, hata mteja aliyekuja kuangalia kazi yake. Mimi nimebandika karatasi ukutani: USIGUSE. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu au brashi safi, kitambaa kisiwe chenye maji.

7. Prima ndani ya masaa manne, na siku ile ile.
Hiyo ndo sheria ya duka langu. Kuanzia chuma kinapong'aa hadi koti la kwanza la prima, yasizidi masaa manne. Kukiwa na unyevu mwingi, pungufu ya hapo. Kwa hiyo usisafishe geti zima halafu upake lote. Safisha kiasi unachoweza kupaka. Grili mbili, paka. Grili mbili, paka.

Ratiba yangu: kusafisha tunaanza saa tatu au saa nne asubuhi, umande umeshakauka. Prima tunataka iwe imeisha saa tisa, ikichelewa sana saa kumi, ili ikauke kabla umande wa jioni haujashuka. Rangi mbichi na umande haviivi chungu kimoja. Kama una wasiwasi na unyevu, chukua kitambaa chenye maji kidogo, pitisha mstari mmoja kwenye chuma. Alama ikikauka ndani ya dakika kama kumi na tano, endelea. Ikikaa imelowa, subiri.

8. Na mvua ikikukuta katikati?
Ingiza ndani kila kitu kilicho uchi, hata kama ni kwenye duka lenyewe, wateja wakupishe. Kama unaona leo haiwezekani kabisa kupaka, pitisha kitambaa chenye oili safi na nyepesi, kama ya cherehani, utando mwembamba tu. Kesho utalazimika kuufuta wote kwa thina na kupitisha msasa tena kidogo, maana prima haishiki juu ya mafuta. Ndo maana nikasema usipake grisi halafu rangi. Mafuta yanalinda chuma, lakini yanakataa rangi. Na oili chafu ya gari usitumie, ina masizi na uchafu ambao kuutoa ni kazi nyingine.

Wanyoosha bodi za magari wana dawa yenye asidi ya fosforiki, inauzwa kwenye maduka ya rangi za magari. Inageuza kutu nyepesi na kuacha utando unaosaidia. Inafaa, lakini soma maelekezo ya kopo lako, mengine yanataka kusuuzwa na mengine hapana, na vaa glovu za mpira na miwani. Nimeona mtu anatumia maji ya betri kwa kazi hiyo. Usijaribu. Ile ni asidi nyingine, inaunguza ngozi na macho, na mabaki yake yanaendelea kula chuma chini ya rangi.

9. Ukikuta ile njano ya asubuhi.
Usibishane nayo. Msasa, kitambaa, prima. Ikiwa mpya ni kazi ya dakika kumi kwa grili moja. Mimi dakika hizo kumi nilizikataa, nikalipa siku mbili za fundi.

10. Prima sio koti la mvua.
Geti likikaa na redi oksaidi tupu miezi mitatu linangoja mteja amalize kulipa, kutu itapita. Prima za kawaida zinapitisha maji. Weka rangi ya juu mapema, fuata muda ulioandikwa kwenye kopo.

Kwa kazi zinazochukua wiki na zaidi, iga wajenzi wa meli. Meli haijengwi siku moja. MV Mwanza Hapa Kazi Tu iliyojengwa hapa hapa Mwanza Kusini ilichukua miaka, ikaingizwa majini 2023. Viwanda vya meli duniani vina mbinu: plati zinasafishwa na kupakwa koti jembamba la prima ya muda kabla hazijakatwa wala kuchomelewa, ili zisishike kutu wakati kazi inaendelea. Sisi wadogo tunaweza kufanya kwa namna yetu. Safisha paipu zikiwa nzima, paka prima koti moja, acha wazi zile sehemu za kuchomelea. Ukimaliza kuunganisha, unasafisha na kupaka maungio tu. Kazi ya kusafisha geti zima lenye kona mia moja inakuwa imepungua.

Na neno moja kwa wanaotumia paipu za mabati yaliyopakwa zinki: hizo usizipake redi oksaidi ya kawaida moja kwa moja, inabanduka. Zina prima yake, uliza duka la rangi. Moshi wake wakati wa kuchomelea ni mbaya, fanyia nje.

SASA HESABU YA BIASHARA

Kazi ya Luchelele ningeifanya vizuri mara ya kwanza, ningetumia nini zaidi? Nimepiga: sabuni na vitambaa 3,000, thina ya ziada 10,000, msasa 5,000, nusu siku ya kibarua 10,000. Jumla 28,000. Ongeza ile 15,000 niliyookoa kwenye gari la kayabo, inakuwa 43,000. Nilikataa kutoa 43,000, nikatoa 425,000.

Hapa ndo wewe muuza nguo unapoingia. Kila biashara ina hatua moja ambayo mteja haioni, na hatua hiyo ndo tunayoikata pale hela inapobana. Kwangu ni usafi wa chuma. Kwako labda ni uzi wa mshono. Ikikatwa, siku ya kukabidhi kila kitu kinapendeza. Bili inakuja baadaye.

Mambo manne niliyobadilisha:

Moja, gharama ya kusafisha naiandika kwenye karatasi ya bei kama mstari unaojitegemea. Mteja akiuliza ni nini, namweleza. Wachache wanaondoka kwa sababu wamepata mahali pa bei ya chini. Wengi wanabaki.

Mbili, napiga picha chuma kikiwa kimesafishwa na picha kikiwa na prima, siku ile ile, namtumia mteja. Akishafunga rangi nyeusi haoni tena kilichoko chini, hiyo picha ndo ushahidi wake na wangu.

Tatu, nina daftari. Tarehe, saa ya kusafisha, saa ya prima, hali ya hewa. Mistari miwili tu. Kazi ikirudi najua pa kutafuta kosa.

Nne, fundi namlipa kwa kazi iliyofika kwenye prima, silipi kwa kazi iliyochomelewa tu. Nilipokuwa namlipa akimaliza kuchomelea, usafi ulikuwa hauna mwenyewe. Sasa una mwenyewe. Mwanzoni alinuna, sasa yeye ndo anawafokea vijana wakigusa chuma bila glovu.

Mtauliza yule mama aliishia wapi. Niliporudisha geti lake alilikagua kila kona kwa kidole, hasa zile grili za upande wa ziwani. Hakunisifia. Alisema, "Tutaona mvua zikipita." Masika ikapita. Vuli nyingine ikapita. Ndipo mwenzake wa kikoba akanipigia, kisha mwingine. Hela ya kwanza sikuirudisha, ilishaenda. Lakini wale wawili walilipa bei yangu mpya, mstari wa usafi ukiwemo, bila kuomba punguzo, kwa sababu walishaona lile geti.

Leo jioni kabla hujafunga, zunguka uwanjani kwako. Kama kuna chuma kimesafishwa na kitalala uchi, kiingize ndani au kipake. Mtumie na fundi wako asome hili.